Siku mbili Ahmedabad: Baba alipokubali kutembezwa na binti yake

Kwa mwaka mmoja na nusu, simu kati ya baba huyu na binti yake zilikuwa zile zile.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mama. Masomo?”

“Yanaendelea vizuri.”

“Hela imefika?”

“Imefika, baba. Ahsante.”

Hapo simu inakatwa, au mtandao unaikata wenyewe.

Baba anauza spea za bajaji jijini Tanga. Binti yake wa kwanza, mwenye miaka 21, yuko mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu katika chuo kimoja cha Ahmedabad, mji mkubwa wa jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Ili aende huko, baba aliuza ekari mbili za minazi alizorithi Pangani. Nyumbani hakuna anayelitaja shamba hilo, lakini hakuna aliyelisahau.

Desemba iliyopita baba alikwenda Mumbai kununua mzigo. Shule zilikuwa zimefungwa, akamchukua na mdogo wa binti, mvulana wa miaka 10. Mzigo ulikamilika Alhamisi, na ndege ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa Jumatatu usiku. Mama, aliyebaki Tanga, ndiye aliyetoa wazo kwamba wasikae hotelini bure, waende wakamwone dada mtu. Ila alimpa mumewe sharti moja: asiende kama mkaguzi, aende kama mgeni. Binti ndiye mwenyeji, basi yeye ndiye apange waende wapi na wale nini.

Baba alikubali, japo mfukoni alikuwa na karatasi yenye maswali saba. La kwanza lilihusu matokeo ya muhula uliopita, ambayo hakuwahi kutumiwa.

Kutoka Mumbai hadi Ahmedabad ni kama kilomita 500, na treni ya haraka huchukua saa sita hivi. Waliondoka Ijumaa mchana, wakapokewa kituoni usiku. Binti alikuwa amevaa sweta. Baba alishangaa baridi ya India, kwani hakuna aliyemwambia kwamba asubuhi na usiku wa Desemba huko humtetemesha mtu wa pwani.

Jumamosi: Kutoka hekaluni hadi msikitini

Saa 2 asubuhi walikuwa mbele ya hekalu la Swaminarayan, eneo la Kalupur. Hapo ndipo huanzia matembezi ya mji mkongwe, yaliyoanzishwa na manispaa ya mji mwaka 1997. Kiongozi huwapitisha wageni vichochoroni kwa saa mbili au zaidi kidogo, kuanzia kwenye hekalu hilo la Wahindu hadi Msikiti wa Ijumaa.

Ahmedabad iliasisiwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah, na jina la mji linatokana naye. Mwaka 2017 Unesco iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia, ukiwa mji wa kwanza wa India kupata heshima hiyo. Kilichowavutia wengi ni mitaa inayoitwa “pol”. Pol ni kichochoro chenye lango lake, na ndani yake nyumba zimebanana zikitazamana. Zamani watu wa ukoo mmoja, dini moja au kazi moja waliishi pol moja, na usiku lango lilifungwa.

Baba alidhani atachoka baada ya dakika 20. Badala yake alianza kusimama kila mlango. Nyumba nyingi za pol zina mbao zilizochongwa maua na ndege, na nje zina kibaraza cha kukaa kinachoitwa “otlo”, ambacho mtu wa pwani hahitaji kuelezwa ni cha nini. Wazee walikuwa wamekaa wakisoma magazeti na kunywa chai. Baba aliwasalimia kwa mkono kifuani, nao wakaitikia vivyo hivyo.

“Milango hii nimeiona Unguja,” alisema.

Hakukosea. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar ipo milango ambayo wenyewe huiita ya Kigujarati. Wafanyabiashara na mafundi kutoka Gujarat na Kutch walivuka bahari na pepo za msimu kwa karne nyingi, wakaja na vitambaa, shanga na namna zao za kujenga.

Mvulana yeye hakuwa na haja ya milango. Dada yake alikuwa amelifikiria hilo mapema, akampa kazi: ahesabu “chabutro”. Hivi ni viota vya kulishia ndege, vilivyochongwa vizuri na kuwekwa juu ya nguzo katikati ya pol. Watu waliopoteza miti kwa kujenga nyumba zilizobanana waliona wana deni kwa ndege, wakawajengea mahali pa kula. Mtoto aliyekuwa akilalamika miguu inauma alikimbia mbele kutafuta kingine.

Matembezi yaliishia Msikiti wa Ijumaa, uliokamilika mwaka 1424. Ua wake ni mpana, na jumba la kusalia limeshikwa na nguzo zaidi ya 250. Minara yake mikubwa miwili ilianguka katika tetemeko la ardhi la mwaka 1819, na vishina vyake bado vinaonekana. Mvulana alianza kuhesabu nguzo, akafika 84, akapotea, akaanza upya.

Baba aligundua jambo ambalo hakulisema siku hiyo. Kila walipovuka barabara, ambako pikipiki, bajaji, ng’ombe na mikokoteni hupita kwa pamoja, binti ndiye aliyetoa mkono kumshika yeye. Mtoto aliyemwacha uwanja wa ndege akilia sasa alikuwa akibishana nauli na dereva kwa Kihindi, kisha kwa Kigujarati, na dereva anacheka na kupunguza.

Chakula chenye majina ya nyumbani

Mchana walikula “thali”. Ni sinia la chuma lenye vibakuli vingi: dengu, mboga tatu au nne, mtindi, achari, kitu kitamu, na mikate myembamba ya moto. Wahudumu huzunguka wakiongeza bila kuitwa hadi ufunike sinia kwa mkono. Katika migahawa mingi ya Ahmedabad hakuna nyama wala samaki, na pombe imepigwa marufuku jimboni Gujarat tangu mwaka 1960. Dengu zao hutiwa sukari guru kidogo, jambo lililomkasirisha baba na kumfurahisha mtoto.

Burudani kubwa mezani ilikuwa maneno. Mvulana aligundua kwamba bajia ni bajia, chai ni chai, kachumbari ni “kachumbar”, na sambusa ni ndugu wa “samosa”. Baba akaongeza ya kwake ya dukani: laki, na gari. Chapati tu ndiyo iliyowashinda, kwani Wagujarati wenyewe huiita “rotli”. Hata bajaji ilipata jina hilo kutokana na kampuni ya Kihindi inayoitengeneza, lakini Ahmedabad ukisema unataka bajaji watakushangaa. Wao huiita “riksha”.

Baada ya chakula walirudi kulala. Hilo nalo binti alilipanga. Jua la saa 8 mchana ni kali hata Desemba, na mtoto wa miaka 10 hawezi kutembezwa kutwa kama mzigo wa spea.

Dirisha la mawe na maneno yaliyokaa mwaka mzima

Jioni binti aliwapeleka mahali ambapo, alisema, huenda kila akichoka.

Msikiti wa Sidi Saiyyed ni mdogo, uko kando ya njia panda yenye magari mengi, na mtu mwenye haraka anaweza kuupita bila kuuona. Ulijengwa mwaka 1572 na 1573, usultani wa Gujarat ukiwa unaangukia mikononi mwa Akbar, mfalme wa Wamughali. Kinachowaleta watu ni madirisha yake ya mawe, yenye umbo la nusu duara. Moja lina mti ambao matawi yake yamejisokota na kuzungukana na mnazi au mtende, yote yakiwa yametobolewa katika jiwe kama lesi. Taa za ndani zikiwashwa magharibi, mti ule hung’aa. Chuo maarufu cha uongozi wa biashara cha mji huo kilichukua dirisha hilo kuwa msingi wa nembo yake.

Walikaa nje wakilitazama.

“Aliyeujenga alikuwa Mwafrika,” binti alisema.

Ni kweli. Sidi Saiyyed alikuwa mtu wa asili ya Uhabeshi, aliyemtumikia mmoja wa majemadari wa sultani wa mwisho. Jina “Sidi” au “Siddi” ndilo wanaloitwa mpaka leo Wahindi wenye asili ya Afrika. Mababu zao walifika kwa karne nyingi, wengi wakiwa watumwa, wengine askari, mabaharia au wafanyabiashara, na baadhi yao walipanda hadi kuwa majemadari na watawala. Gujarat ina vijiji vya Masidi, na wapo wanaoishi Ahmedabad kwenyewe. Wanazungumza Kigujarati na kuvaa kama majirani zao, lakini wana ngoma yao ya ibada wanayoiita “goma”. Msomaji hahitaji mkalimani wa neno hilo.

Binti aliendelea kusimulia huku macho yako dirishani. Miezi ya kwanza, alisema, watu walikuwa wakimuuliza njiani: “Wewe ni Sidi?” Hakujua ni matusi au ni swali. Alikuwa akirudi bwenini na kujifungia. Darasani mwalimu alifundisha kwa Kiingereza, lakini wenzake walijadiliana kwa Kigujarati, na yeye aliona aibu kuomba warudie. Mama mmoja muuza chai ndiye aliyemwambia maana ya neno lile na kumwelekeza kwenye msikiti huu.

“Nilipouona nilikaa hapa hadi usiku. Nikasema, kumbe tuliwahi kufika.”

Kisha akanyamaza. Mdogo wake alikuwa mbali kidogo, akijaribu kuuchora mti ule kwenye daftari.

“Baba, nina sapu mbili.”

Baba hakujibu.

“Muhula ule uliopita nilifeli masomo mawili. Nilishindwa kukwambia. Kila nikishika simu naona ile minazi.”

Wazazi wengi wanajua kinachofuata katika dakika kama hiyo. Hasira hupanda kwanza, na hasira yenyewe ni ya haki. Pesa ilitoka, na ukweli ulifichwa mwaka mzima. Baba alikuwa na karatasi yake ya maswali saba mfukoni, na la kwanza lilikuwa limejibiwa kabla hajaliuliza.

Alichofanya hakikuwa kikubwa. Alisema, “Nimesikia, mwanangu.” Akaongeza kwamba atasema neno kesho, akishalala. Kisha akamwita mvulana ili wakatafute chakula.

Hapo pana somo. Mzazi hana wajibu wa kujibu habari nzito papo hapo. Halazimiki kusamehe kabla ya chakula cha usiku, na halazimiki kugomba. Anaweza kusema amesikia, akaomba usiku mmoja.

Taa ya mlinzi

Kutoka hapo hadi soko la Manek Chowk ni mwendo mfupi, na njiani hupitwa Teen Darwaza, yaani milango mitatu. Ni lango kubwa la mawe la karne ya 15, lenye matao matatu, na kuzunguka miguu yake yote ni maduka ya nguo na viatu. Kimya kilikuwa kizito, hivyo binti akaanza kumsimulia mdogo wake hadithi ya lango hilo.

Wenyeji husema usiku mmoja Lakshmi, ambaye kwa Wahindu ni mungu wa kike wa utajiri, alitaka kuondoka mjini. Mlinzi wa lango alimtambua. Akamwomba asiondoke hadi yeye aende kwa sultani kuomba ruhusa, naye Lakshmi akaahidi kusubiri. Mlinzi alijua kwamba akirudi, ahadi imeisha. Basi hakurudi. Alikwenda kufa ili mji ubaki na baraka zake. Mlinzi huyo alikuwa Mwislamu, na ndani ya lango ipo taa ambayo familia ya Kiislamu imekuwa ikiiwasha kwa vizazi kwa ajili ya Lakshmi.

“Kwa hiyo bado anasubiri?” mvulana aliuliza.

“Bado.”

Manek Chowk yenyewe ni soko lenye zamu tatu. Asubuhi huuzwa mboga, mchana ni soko la dhahabu na fedha, na usiku, maduka yakifungwa, uwanja wote hujaa majiko na viti. Walikula mkate wa kuchoma uliojaa jibini na chungu ya mboga iliyopondwa iitwayo “bhaji”. Mvulana alilala mezani. Baba ndiye aliyembeba hadi kwenye riksha, na binti akabeba viatu.

Jumapili: Nyumba ya baba aliyeshindwa na mwanawe

Asubuhi walikwenda kwenye makazi ya Gandhi, kando ya mto Sabarmati. Hakuna kiingilio. Gandhi aliishi hapo kuanzia mwaka 1917 hadi 1930, baada ya miaka zaidi ya 20 Afrika Kusini. Tarehe 12 Machi 1930 alitoka kwenye uwanja huo na wenzake 78, wakatembea siku 24 na kilomita karibu 390 hadi Dandi, baharini, kupinga kodi ya chumvi ya Waingereza.

Chumba chake ni kidogo kuliko duka la spea: godoro, kijimeza cha kuandikia, na gurudumu la kusokotea nyuzi. Mvulana alishangaa kwamba mtu mashuhuri hakuwa na kiti.

Lakini kilichomgusa baba ni jambo jingine, ambalo binti alilisoma alipofika India. Gandhi, aliyeweza kuwatembeza maelfu, alishindwa kupatana na mtoto wake wa kwanza, Harilal. Kijana huyo alitamani kwenda Uingereza kusomea sheria kama baba yake. Baba akakataa, akiamini elimu hiyo haina faida kwa kazi waliyokuwa wakiifanya. Mwaka 1911 Harilal aliondoka nyumbani, na ingawa walikutana tena mara kadhaa, uhusiano wao haukupona hadi Gandhi alipouawa mwaka 1948.

Baba alitazama mto kwa muda. Kisha wakapanda gari hadi Adalaj, karibu kilomita 18 kaskazini mwa mji.

Adalaj ni kisima, lakini si cha kamba na ndoo. Ni ngazi zinazoteremka orofa tano chini ya ardhi, kati ya nguzo na kuta zilizochongwa kila mahali, hadi kufikia maji. Kilikamilika mwishoni mwa karne ya 15, na hukumbukwa kwa jina la malkia Rudabai, aliyekimalizia baada ya mumewe kufa vitani. Visima vya aina hii vilikuwa pia mahali pa kupumzika wasafiri, na wanawake waliokwenda kuteka maji walipata pa kukaa na kuzungumza. Kila ukishuka, joto na kelele za juu hupungua.

Katika ngazi za orofa ya tatu baba alikaa. Binti akakaa ngazi moja chini yake.

“Mtihani wa kurudia ni lini?”

“Mwezi wa nne.”

“Kuna ada?”

“Ipo, si kubwa. Nimeshaanza kuiweka.”

“Nani anakusaidia?”

Binti alitaja wenzake wawili, mmoja Mkenya na mwingine Mgujarati, wanaosoma pamoja kila Alhamisi. Tangu waanze, alisema, masomo ya muhula huu hayamtishi.

Baba alimwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba amekasirika, na kwamba hasira yake ni kwa kufichwa, si kwa kufeli. La pili, kwamba minazi ile aliiuza mwenyewe kwa akili zake timamu, na deni hilo si la mtoto kulilipa. “Ukifeli tena, nipigie siku hiyo hiyo. Usiku wa manane nipigie.”

Binti alilia. Mvulana, aliyekuwa chini karibu na maji, aliita kwa sauti ili asikie mwangwi wake, na wote wakacheka.

Jioni ilikuwa zamu ya mtoto. Ziwa la Kankaria lilichimbwa na sultani mwaka 1451, na leo pembeni yake kuna bustani ya wanyama na treni ndogo inayolizunguka. Walipanda mara mbili. Saa za mwisho walikuwa kituoni, na hapo, wakisubiri treni ya usiku ya Mumbai, ndipo baba na binti walipompigia mama pamoja. Binti ndiye aliyeanza kusema.

Ile karatasi ya maswali baba aliikuta mfukoni alipofika Tanga. Maswali manne kati ya saba yalikuwa yamejibiwa bila kuulizwa.

Kwa mzazi anayepanga safari kama hii

Msimu. Novemba hadi Februari ndio wakati mzuri kwa watoto. Aprili hadi Juni joto la Ahmedabad huvuka nyuzi 40. Desemba na Januari beba sweta. Ukifika Januari 14, mji mzima uko juu ya mapaa ukirusha tiara, na hoteli hujaa mapema.

Nyaraka. Viza huombwa mtandaoni. Tumia tovuti ya serikali ya India pekee, kwani zipo nyingi za kuigiza. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Si kila hoteli ndogo hupokea wageni wa nje ya nchi, hivyo uliza kabla ya kulipa, na uwe na nakala za pasipoti na viza.

Chakula. Maji ya chupa yaliyofungwa, na matunda ya kumenya mwenyewe. Mtoto asiyezoea pilipili, waambie “kam tikha”, yaani pilipili kidogo. Wanaotaka nyama wataipata karibu na Teen Darwaza, katika kichochoro cha Bhatiyar Gali.

Ibada. Viatu huvuliwa misikitini na hekaluni, kwa hiyo vaeni vya kuchomoa haraka, na soksi kwa ajili ya sakafu za mawe zenye jua. Mabega na magoti yafunikwe. Baadhi ya misikiti wanawake huombwa kubaki nje ya jumba la kusalia. Dirisha la Sidi Saiyyed huonekana vizuri hata kwa nje.

Picha. Wenyeji wengi huomba kupiga picha na mgeni kutoka Afrika. Wengi hufanya hivyo kwa wema. Mweleze mtoto mapema kwamba ana ruhusa ya kukataa, na akikataa msimamie.

Ratiba. Mambo mawili makubwa kwa siku yanatosha: moja asubuhi, moja jioni, na mchana kulala. Kila siku iwe na jambo moja ambalo mtoto mdogo ndiye aliyelichagua.

Na kama unakwenda kumwona mtoto anayesoma huko, mwachie yeye apange ratiba na ashike nauli ya riksha. Maswali yako beba, lakini yaache mfukoni angalau siku ya kwanza.